Nuru ya Waingereza Katika Tanuri la Moscow

Tangu mwisho wa mwaka 2023 tanuri la sumaku la kuunganisha viini vya atomi, liitwalo JET, huko Culham nchini Uingereza, limezimwa ili livunjwe, na wengi wameliandikia tanzia. Walakini ni nadra kuwasikia wakitajwa wapimaji, ambao lau si ushahidi wao, umbo lenyewe la tanuri lile, yaani tokamaki, lingechelewa sana kukubaliwa na walimwengu.

Mwaka 1958 Waingereza walitangaza kwamba mashine yao ZETA imeunganisha viini vya atomi kwa nguvu ya joto, na baada ya miezi michache wakalazimika kuyatangua maneno yao. Kwa hiyo Lev Artsimovich wa Moscow aliponena huko Novosibirsk, mwaka 1968, kwamba plazima, ile gesi iliyovuliwa elektroni zake, imefikia digrii milioni 10 ndani ya tokamaki T-3, wengi walimtilia shaka, Wamarekani hasa. Warusi walikadiria joto kwa jinsi plazima inavyousukuma uga wa sumaku, na wapinzani wakashika hoja kwamba elektroni chache zenye mbio za kupita kiasi zaweza kuitia chumvi hesabu hiyo.

Artsimovich hakughadhibika, bali alimwomba Bas Pease, mkuu wa maabara ya Culham, awalete wapimaji wake. Mwaka 1969, ilhali mataifa yao ni mahasimu, Derek Robinson, Nicol Peacock, Peter Wilcock na Mike Forrest, ambaye ndiye aliyetuachia simulizi ya safari hiyo, walifika Moscow na tani 5 hivi za vyombo. Walipenyeza katika plazima mmweko wa leza ya yakuti, wakanasa nuru hafifu iliyotawanywa na elektroni. Kila elektroni huibadili rangi ya nuru kwa kadiri ya mwendo wake, na upana wa rangi hizo ndio kipimo cha joto. Novemba mwaka huo jarida la Nature likatoa majibu: Warusi walisema kweli. Wamarekani wa Princeton wakaigeuza mashine yao kuwa tokamaki mwaka uliofuata.

Upimaji haukuishia kwenye joto: baadaye koili za Mirnov, yaani misokoto ya waya, zilinasa mitikisiko ya sumaku kandokando ya plazima, na JET ikatiwa antena za kuyaamsha na kuyapima mawimbi aliyoyabashiri Hannes Alfvén mwaka 1942, ambayo yaweza kuzitorosha chembe zinazoitia plazima joto.

Hata megajuli 69 za nishati zilizotolewa Oktoba 2023, rekodi ya mwisho ya JET, twaziamini kwa fadhila ya wapimaji. Kumsifu mjenzi na kumsahau mwenye mizani si insafu, kwani tanuri lisilopimwa halimpi mwenyewe ila madai, na madai ndiyo yaliyowafedhehesha watu wa ZETA.