Historia ya Maji Moto ya Bogoria na Majirani Zake

Katika sehemu ya kati ya Bonde la Ufa nchini Kenya, kuanzia Naivasha upande wa kusini hadi Baringo upande wa kaskazini, yamepangana maziwa yasiyo na mto wowote wa juu ya ardhi unaotoa maji yake kwenda baharini. Naivasha na Baringo yamebaki na maji baridi yanayonyweka, ilhali Elementaita, Nakuru na Bogoria ni maziwa ya magadi, yaani maji yaliyojaa chumvi za sodiamu zinazobaki nyuma kila jua linapoyakausha. Kando ya maziwa haya hububujika chemchemi za maji moto, na historia yake ni historia ya watu mbalimbali waliojiona, kila mmoja kwa zamu yake, kuwa na haki ya kuyakaribia maji hayo.

Asili ya joto hilo iko chini ya ardhi. Mvua inyeshayo kwenye kuta za bonde hupenya katika nyufa kubwa zilizosababishwa na kutanuka kwa tabaka la juu la dunia, ikakutana na miamba yenye moto, kisha ikarudi juu ikiwa imeyeyusha madini na kubeba gesi ya kaboni dioksidi. Bogoria, ziwa jembamba lenye urefu wa kilomita 17 hivi chini ya ukuta wa Siracho, ndilo lenye utajiri mkubwa zaidi wa maji hayo, kwa kuwa chemchemi zinazokaribia 200 zimehesabiwa kandokando yake, nyingi zikiwa Loburu na Chemurkeu upande wa magharibi, na Ng'wasis, Koibobei na Losaramat upande wa kusini. Joto lake huanzia nyuzi 39 za selsiasi na kufikia kiwango cha kuchemka, ambacho kwa mwinuko wa karibu mita 1,000 hupungua kidogo chini ya nyuzi 100. Baadhi yake ni chemchemi za kufoka, yaani zile zinazosukumwa na gesi na mvuke hata maji yakaruka hewani mita kadhaa.

Wa kwanza kujulikana kuwa wenyeji wa maji hayo ni Waendorois, jamii ya wafugaji wanaozungumza Kikalenjini. Kwao ziwa ni mahali pa ibada kabla ya kuwa mahali pa mapumziko, maana huaminiwa kwamba roho za Waendorois wote waliofariki, popote walipozikwa, hukaa humo. Matambiko yalifanyiwa ufukweni, mifugo ilipelekwa kulamba ardhi ya chumvi, na maji pamoja na mimea ya kandokando yalitumiwa kama dawa.

Ramani za wageni zililibadilisha jina ziwa hilo likaitwa Hannington, kwa heshima ya Askofu James Hannington, aliyepita huko mwaka 1885 akielekea Uganda na kuuawa Busoga mwezi wa Oktoba mwaka huohuo. Mwaka 1893 mwanajiolojia J. W. Gregory alifika Baringo, na uchunguzi wake ukawa msingi wa elimu ya kisayansi kuhusu bonde hilo. Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, na Wamasai walipoondolewa katika sehemu hiyo ya bonde kwa mkataba wa mwaka 1904, ardhi ya kuzunguka Elementaita iligeuka mashamba makubwa ya walowezi, likiwemo la Kekopey lililomilikiwa na Galbraith Cole. Hata hivyo haukuzuka hapo mji wa kuogea kama Bath wa Uingereza, wala kama ule wa ziwa Little Manitou katika mbuga za Saskatchewan, Kanada, ambako maji ya chumvi yaliyokuwa tiba ya Wakrii yalivutia mahoteli mwanzoni mwa karne ya 20. Walowezi waliyatazama maji moto kwa jicho la mkulima, na huko Eburru waliugandisha mvuke wa ardhini ili wapate maji, wakautumia pia kukaushia pareto.

Utalii ulikuja kwa mlango wa uhifadhi. Ziwa Nakuru lilipewa hadhi ya mbuga ya taifa mwaka 1968 kwa ajili ya heroe, ndege wanaojulikana zaidi kwa jina la flamingo, na Bogoria likatangazwa hifadhi mwaka 1973. Karibu na lango la Loboi ilijengwa hoteli yenye kidimbwi kinachojazwa maji ya chemchemi yenye uvuguvugu, na kwa wanaotoka Nakuru kupitia Mogotio na Marigat ikawa desturi kuchemsha mayai na mahindi katika chemchemi za Loburu. Maji hayo yanafaa kutazamwa kuliko kunywewa, kwa sababu yana floraidi nyingi, madini yaleyale ambayo katika sehemu nyingi za bonde huyageuza meno ya watoto kuwa ya kahawia.

Hifadhi hiyo, hata hivyo, ilianzishwa kwa kuwahamisha Waendorois. Baada ya mahakama za Kenya kutowapa haki, walifika mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo uamuzi wake, uliotangazwa mwezi wa Februari 2010, ulisema kwamba haki zao za dini, mali, utamaduni, maliasili na maendeleo zimevunjwa. Serikali ilitakiwa kuitambua miliki yao, kuwaruhusu waingie ziwani bila kizuizi na kuwalipa fidia pamoja na sehemu ya mapato. Mwaka uliofuata UNESCO iliyaandika maziwa ya Bogoria, Nakuru na Elementaita katika orodha ya Urithi wa Dunia, nayo Tume ikalalamika kuwa Waendorois hawakushirikishwa. Kikosi kazi cha serikali kuhusu uamuzi huo kiliteuliwa mwaka 2014, lakini ardhi haikurudi mikononi mwao.

Kwingineko maji moto yalichukua sura nyingine. Huko Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha, ambako umeme wa mvuke ulianza kuzalishwa mwaka 1981, kampuni ya umeme ya KenGen ilifungua mwaka 2013 bwawa la kuogelea linalotumia maji ya visima vya mvuke, yenye salfa na silika. Huko Kekopey, kusini mwa Elementaita, watu wa kawaida huendelea kuoga katika chemchemi za wazi wakitafuta nafuu ya maumivu.

Tangu mwaka 2010 hivi maziwa ya bonde yamepanda, na Bogoria limefunika chemchemi kadhaa za Loburu pamoja na majengo ya lango la Loboi. Barabara na lango vinaweza kujengwa upya mahali pa juu zaidi, lakini deni la uamuzi wa Tume wa mwaka 2010 halihamishiki, na kila kiingilio kinacholipwa Bogoria bila Waendorois kupata fungu waliloamuliwa ni nyongeza ya deni hilo.