Likizo ya Tongaren: ngome, mapango na kaburi la mtu aliyehamishiwa Lamu

Kila Novemba ikikaribia kwisha, majirani zangu hapa Kisauni huniuliza swali lile lile: "Mwaka huu wapanda bara?" Nami hujibu kwamba napanda. Hapo hucheka, kwa sababu kwao kwetu ni mahindi na baridi basi, na mtu wa pwani aliyezaliwa karibu na Fort Jesus atafuata nini huko?

Nimeishi Mombasa zaidi ya miaka ishirini. Wanangu wamezaliwa hapa, wanaogelea kama samaki, na wakitajiwa historia wanajua Gede, Jumba la Mtwana na Lamu. Nyumbani kwao Tongaren, kaunti ya Bungoma, walikuwa hawajui lolote ila boma la babu yao. Kosa ni langu. Desemba iliyopita niliamua kuwazungusha, na tukaandamana na jirani yetu mmoja, mzee wa madrasa, mwenyeji wa Amu, ambaye tangu azaliwe hakuwa amevuka Nairobi. Sisi humwita Maalim. Ninayoyaandika hapa ni yale tuliyoyaona, kwa faida ya yeyote anayetaka kuijaribu safari hii badala ya kurudia ufuo ule ule.

Kwanza njia. Mabasi ya kupanda magharibi utayapata Mwembe Tayari. Utapita Nairobi, Nakuru na Eldoret hadi Webuye, na hapo uchukue barabara ya Kitale. Ukifika Misikhu unakata kulia kuelekea Naitiri, Tongaren na Brigadier. Chukua sweta. Kitale iko takribani mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya kwanza Maalim alitoka nje akiwa amejifunga shuka mbili juu ya kanzu, akaniuliza kama watu wa huku huwa wanaoga.

Tongaren yenyewe haina jumba la makumbusho. Historia yake ni ardhi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia mwaka 1919, serikali ya kikoloni iliwagawia wanajeshi wa Kizungu mashamba Trans Nzoia na viunga vyake. Wenyeji wakawa vibarua na maskwota katika udongo wa baba zao. Wazee wa kwetu hulihusisha jina la soko la Brigadier na mmoja wa wanajeshi hao. Uhuru ulipokaribia, mpango wa ekari milioni moja ulianza kununua mashamba hayo na kuyakata vipande kwa ajili ya Waafrika, lakini si bure: kila aliyepewa shamba alipewa na deni. Baba yangu alipata lake kwa njia hiyo, na katika sanduku lake la bati zimo bado karatasi za mkopo, zimekunjwa mara nne na kuwa rangi ya chai. Niliwaonyesha watoto karatasi hizo kabla ya kuwaonyesha kitu kingine chochote. Kifungua mimba wangu alizisoma mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo babu alinunua shamba lililokuwa lao?" Mzee akacheka sana, akamwambia ndivyo.

Ukipita vijijini utaona hapa na pale nyumba ya kilowezi yenye bomba la moshi la mawe na miti mirefu ya mikalitusi iliyopandwa kwa mstari. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, humo wanaishi watu.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya niandike. Ukirudi upande wa Webuye, karibu na Lugulu, utaona mgongo wa vilima vyenye mawe. Huko juu ndiko ilikokuwa ngome ya Chetambe. Zamani Wabukusu na Watachoni walizungushia vijiji vyao kuta za udongo na handaki, kwa sababu ya wavamizi. Ukuta kama huo kwa Kibukusu huitwa lukoba. Ngome hii ilijengwa na Watachoni na inabeba jina la mtu wao, Chetambe. Mwaka 1895 ndipo yalipotokea mapigano makubwa. Chanzo kilikuwa bunduki: askari waliotoroka waliziuza kwa Wabukusu, serikali ikatuma kikosi kuzidai, kikosi hicho kikauawa. Waingereza wakajibu kwa jeshi lililojumuisha askari wa Kisudani, Waganda, Wamasai na watu wa Wanga. Ngome ya Lumboka ikaanguka kwanza. Walionusurika wakajifungia Chetambe, na huko nako mikuki ikakutana na bunduki za rasharasha.

Kuupanda mlima si kazi kubwa, lakini anza asubuhi na ubebe maji. Usitarajie kuta kama za Fort Jesus. Udongo ulishanyeshewa miaka zaidi ya mia moja, na mgeni asiye na mwenyeji anaweza kulikanyaga handaki akadhani ni mtaro. Siku tuliyofika hatukukuta mtu wa kutupokea wala kibao cha kutueleza tumesimama wapi. Kijana aliyekuwa akichunga ng'ombe ndiye aliyetuonyesha, kwa fimbo, ukingo ulikopita. Alijua kila kona, maana nyanya yake alimsimulia. Nilimpa chochote kidogo mkononi, nawe ukifika fanya vivyo hivyo. Kwa sasa mtu kama huyo ndiye makumbusho yenyewe.

Msomaji wa pwani anaweza kuniuliza haya yanamhusu nini. Nami namjibu kwa jina moja: Hobley. C. W. Hobley ndiye ofisa wa Kiingereza aliyekuwa mbele katika vita hivyo vya 1895. Miaka ilipopita alipandishwa vyeo, akaletwa Mombasa kuwa mkuu wa jimbo, na ndiye aliyekuwa kitini mwaka 1914 Wagiriama walipoinuka na Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti. Mekatilili wa Menza, aliyewalisha Wagiriama kiapo, alikuwa ameshakamatwa mwaka mmoja kabla na kupelekwa mbali kabisa, Kisii. Kwa maneno mengine, mtu wa pwani aliyeleta shida alitupwa magharibi. Subiri kidogo uone wa magharibi walitupwa wapi.

Kutoka Chetambe, maporomoko ya Nabuyole ni karibu, kwenye mto Nzoia pale Webuye. Wakoloni waliyaita Broderick Falls, na mji wenyewe ulibeba jina hilo. Maji ni mazuri, mawe yanateleza. Saa moja yatosha.

Maeni, karibu na Kimilili, ndipo alipozikwa Elijah Masinde. Huyu alikuwa mwanasoka kabla ya kuwa nabii: mwaka 1930 aliichezea Kenya kwenye Kombe la Gossage dhidi ya Uganda. Katika miaka ya arobaini akaongoza Dini ya Msambwa, iliyowataka watu warudie mila za wazee na Wazungu warudi kwao. Serikali ikamfunga, kisha ikamweka hospitali ya wagonjwa wa akili, Mathari, kana kwamba kudai ardhi ni kichaa. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake waliokusanyika Malakisi, wakaua watu 11. Siku chache baadaye Masinde mwenyewe alikamatwa. Akapelekwa Lamu.

Tuliposimama Maeni nikamweleza Maalim hayo, alinigeukia. "Lamu yetu?"

"Lamu yenu, Maalim."

Alikaa juu ya jiwe. Akasema udogoni waliambiwa tu kwamba kuna watu wa bara wanaoletwa kisiwani na serikali, na watoto wakakatazwa kuwakaribia. Ngome ya Lamu, ile ambayo watalii sasa wanaingia na kamera, ilikuwa gereza tangu 1910 hadi 1984. Yeye aliishi umri wake wote karibu nayo, na hakuna aliyewahi kumwambia jina la Masinde. Nami nimeishi pwani miaka yote hii, nimezuru Lamu mara tatu nikila halwa na kupanda mashua, bila kukumbuka kwamba mtu wa kwetu alishushwa kwenye gati ile ile akiwa chini ya ulinzi. Masinde alirudi nyumbani ukoloni ulipokuwa ukingoni. Hata Kenya huru haikumwelewa. Dini ya Msambwa ilipigwa marufuku mwaka 1968, naye akaonja jela tena chini ya serikali ya watu weusi. Alifariki 1987. Wapo wanaomheshimu kama mtume na wapo wasiotaka kumsikia, kwa hiyo ukifika huko zungumza kwa adabu na usimfanyie mtu mzaha kuhusu dini.

Kitale panahitaji siku nzima. Makumbusho ya Kitale ndiyo ya kwanza kuanzishwa nje ya Nairobi na pwani. Chimbuko lake ni mlowezi mmoja, Kanali Hugh Stoneham, aliyekusanya vipepeo, ndege, vitabu na vyombo vya wenyeji tangu miaka ya ishirini. Baada ya kifo chake mwaka 1966 mali hiyo ikawa ya taifa, na jengo jipya likafunguliwa 1974. Ndani kuna vifaa vya jamii za magharibi. Nje kuna nyumba za kiasili, nyoka na kobe, na njia inayopita katika msitu wa kienyeji ambao watoto wangu waliupenda kuliko vyote. Ukitoka katikati ya mji unaweza kwenda kwa miguu.

Kuna jambo jingine la Kitale ambalo halimo katika vijitabu vingi vya watalii. Misafara ya pembe na watumwa ilipita huku, na inasimuliwa kwamba pale ilipojengwa klabu ya walowezi palikuwa na kituo chake, mateka wakiwekwa ndani ya mviringo wa mawe. Wengi wa waliobeba na waliobebesha mizigo hiyo walitoka pwani. Joseph Thomson alipoondoka Mombasa mwaka 1883 na kufika mpaka chini ya mlima Elgon, wapagazi wake walikuwa wa pwani na Unguja, na sehemu ya njia aliandamana na msafara wa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani ambaye tayari alizijua njia za huku. Maalim alisikiliza, kisha akasema polepole, "Hao walikuwa watu wetu." Sikujua kama alimaanisha waliofunga au waliofungwa, na sikumuuliza.

Thomson huyo huyo aliyaona mapango ya Elgon akashindwa kuamini kwamba hayakuchimbwa na taifa la kale, akawafikiria hata Wamisri. Watu walikuwa wakiishi humo na mifugo yao. Ndani ya hifadhi ya taifa, lango la Chorlim, utapelekwa Kitum, pango linaloingia mlimani karibu mita 200. Ndovu huingia gizani usiku kuchokonoa chumvi ukutani kwa pembe, na alama zao unaweza kuzigusa. Kuna pia Makingeny, lenye maji yanayoanguka mbele ya mlango wake. Tahadhari moja si ya mchezo: watu wawili waliougua ugonjwa wa Marburg, mmoja 1980 na mwingine 1987, walikuwa wamezuru Kitum. Usiguse popo wala kinyesi chao, usiingie na kidonda, na msikilize askari wa wanyama. Mimi niliwaacha wadogo nje. Lango halipokei pesa taslimu, lipa mapema kwa simu, kwa sababu mtandao pale huja ukipenda.

Kama siku inabaki, hifadhi ya Saiwa, ndogo kuliko zote nchini, ina nzohe, swala wa majini anayetembea juu ya kinamasi. Nenda alfajiri au usikae kabisa.

Chakula hakitakushinda. Ugali wa huku ni mzito na kuku ni wa kienyeji. Msomaji Mwislamu aulize tu ni nani aliyechinja, hakuna atakayeudhika, na misikiti ipo Kitale na Bungoma mjini. Maalim mama yangu alimkabidhi jogoo na kisu amalize mwenyewe. Samaki sahau mpaka urudi.

Desemba hadi Februari ni kukavu na mahindi yameshavunwa, barabara za ndani zinapitika. Anayetaka kuona tohara ya Wabukusu aje Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Atakutana njiani na wavulana wanaocheza njuga huku kijiji kizima kinawafuata kwa nyimbo, na hapo ajue kusimama kando na kuiweka simu mfukoni mpaka aruhusiwe.

Nauli ya kurudi kateni kabla ya Krismasi. Baada ya mwaka mpya mabasi ya kushuka Mombasa hujaa wanafunzi na magunia ya mahindi, na Maalim alisafiri mpaka Nakuru na kuku wawili wa zawadi mapajani.