Historia ya Kukagua Msimbo wa Viendelezi vya Vivinjari

Msimbo wa viendelezi vya vivinjari ulikuwa wazi tangu mwanzo kwa yeyote mwenye subira ya kuusoma. Viendelezi vya Firefox, iliyotoka mwaka 2004, vilisambazwa kwa faili za XPI, ambazo ni ZIP za kawaida zilizobadilishwa jina. Chrome ilipovipokea rasmi mwaka 2010 ilitumia faili za CRX, nazo ni ZIP iliyotanguliwa na kichwa kifupi chenye saini, kinachoanza na herufi Cr24. Ndani yake mkaguzi huanza na manifest.json, inayotaja ruhusa zinazoombwa na tovuti zitakazoguswa.

Uwazi huo haukuzuia hila. Mei 2009 Wladimir Palant, mtunzi wa kiendelezi cha kuzuia matangazo cha Adblock Plus, alianika msimbo uliofichwa ndani ya NoScript, kiendelezi kilichoaminika kwa usalama. Ulikuwa ukiingilia Adblock Plus ili matangazo kwenye tovuti za mtunzi wa NoScript, Giorgio Maone, yasizuiwe. Maone aliuondoa na kuomba radhi, na Mozilla, mtengenezaji wa Firefox, ikakaza kanuni: badiliko lisilotarajiwa lielezwe, na mtumiaji akubali kwanza.

Kuficha msimbo ni tofauti na kuubana. Kubana huondoa nafasi na kufupisha majina ili faili iwe nyepesi. Kuficha hukusudia msomaji asielewe. Oktoba 2018 Google ilipiga marufuku ufichaji katika duka la Chrome, ikaendelea kuruhusu ubanaji. Ilieleza kuwa zaidi ya asilimia 70 ya viendelezi hasidi au vilivyovunja kanuni ilivyovizuia vilikuwa na msimbo wa namna hiyo.

Kesi iliyowafunza wakaguzi zaidi ni ya The Great Suspender, kiendelezi kilichotumiwa na zaidi ya watu milioni 2. Kiliuzwa mwaka 2020, na Oktoba mwaka huo toleo 7.1.8 likaingia dukani bila msimbo wake kuwekwa GitHub, ulikochapishwa msimbo wazi wa kiendelezi hicho. Waliolinganisha nakala ya dukani na ya GitHub waligundua kuwa toleo la dukani lilichota skripti kutoka seva ya mbali. Aliyesoma GitHub peke yake, hata kwa makini, asingeiona. Google ilikiondoa Februari 2021.

Manifest V3, toleo jipya la kanuni za viendelezi lililoanza kupokewa katika Chrome mwaka huohuo, linadai msimbo wote utakaoendeshwa uwemo ndani ya kifurushi. Mozilla nayo humtaka mtunzi aliyebana msimbo awasilishe chanzo pamoja na maelekezo ya kukijenga, ili mkaguzi akijenge upya na kulinganisha matokeo na faili iliyotumwa.