Hagadera: Shule ya kutwa iliyo lango la chuo kikuu

SHULE ya Sekondari ya Hagadera ni shule ya kutwa iliyomo katika kambi ya wakimbizi ya Hagadera, karibu na mji wa Dadaab, Kaunti ya Garissa. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea Wasomali waliokimbia vita.

Shule hufuata mtaala wa Kenya, na wanafunzi wa kidato cha nne hufanya mtihani wa kitaifa, KCSE.

Mtihani huo una uzito wa pekee, kwani mkimbizi huhitaji kibali ili kutoka kambini. Wanaofaulu vyema huwania ufadhili wa shirika la WUSC, ambalo tangu mwaka 1978 hupeleka wakimbizi katika vyuo vikuu vya Kanada kwa michango ya wanafunzi wa huko. Nafasi ni chache mno.

Mwaka 2013 mlango mwingine ulifunguliwa. Mradi wa BHER, ulioshirikisha vyuo vikuu vya Kenyatta, Moi na York cha Kanada, ulileta masomo ya chuo kikuu Dadaab kwenyewe. Uliwalenga hasa walimu wa kambini, ambao wengi elimu yao iliishia sekondari. Hivyo aliyekosa nafasi ya kuondoka huweza kusoma papo hapo, huku akimfundisha anayemfuata.