Asili ya Neno "Msumeno"

Juu ya meza ya seremala hukaa vitu viwili ambavyo majina yake huanza kwa sauti moja: msumeno na msumari. Wingi wake ni misumeno na misumari, na mwenye haraka aweza kudhani ya kuwa ni ndugu. Sivyo. Msumari ni neno la Kiarabu, mismar. Mwanzo wake ulifanana na kiambishi chetu, nalo likapokewa katika ngeli ya m- na mi- kama mwenyeji. Lakini msumeno umeundwa papa hapa.

Tukiligawa neno twapata m-su-meno. Mzizi -su ndio ule wa kisu na jisu. Meno ni wingi wa jino. Ni kisu chenye meno. Yuko atakayeuliza mbona ki- imegeuka m-. Ngeli hiyo yapenda vitu virefu: mkuki, mshale, mlingoti, msumeno wastahili kukaa nao. Wala wingi "meno" ndani ya umoja si ajabu, maana twasema mwanamichezo, na hatusemi mwanamchezo.

Neno si la juzi. Steere aliliandika katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Waarabu husema minshar na Wareno serra, wala hapana hata moja lililoshika mizizi, ijapokuwa randa ya Kiajemi na parafujo ya Kireno zimelala ubavuni mwake. Kwa maoni yangu, randa haikufanana na chombo kilichozoewa, basi ilikuja na jina lake. Msumeno ulitazamwa ukaonekana kuwa ni kisu, tena kisu cha namna nyingine. Wavuvi nao walitazama vivyo hivyo: yule samaki mwenye pua ndefu iliyopandwa meno pande zote mbili wamemwita papa upanga. Waliona ubapa kwanza, meno baadaye.

Limebaki jambo dogo. Husemwa kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa mkono, kwa kawaida, hukata upande mmoja tu, ama ukisukumwa ama ukivutwa. Ukatao kuwili ni ule mrefu wa watu wawili, wa kukatia magogo. Nadhani aliyetunga msemo huo alikuwa amesimama mbele ya gogo, si mbele ya meza ya seremala.