Gereza la Kilwa na Jina la Mtume Yakobo

Hapa kwetu Tunduma mtu akisikia neno gereza huwaza kuta ndefu, askari na watu walionyimwa uhuru wao. Ni wachache wajuao ya kuwa neno hilo lilizaliwa kanisani. Wataalamu wa lugha hulitoa katika neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Unguja, ndani ya Ngome Kongwe, mabaki ya kanisa la Wareno yamo bado katika kuta zilizojengwa na Waarabu wa Omani.

Lakini kwa kuwa tunakaribia tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtume Yakobo, twende Kilwa Kisiwani. Ule ulikuwa mji wa sala. Msikiti wake Mkuu ulianza kujengwa katika karne ya 11, na msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu uzuri wa mji na uchaji wa watu wake. Tarehe 24 Julai 1505, mkesha wa Mtume Yakobo, Francisco de Almeida aliteremsha askari wake. Sultani Ibrahim akakimbia. Watawa Wafransisko wakapanda kutoka ufukoni na misalaba, wakiimba wimbo wa shukrani. Kisha mji ukaporwa. Ngome iliyojengwa upesi hapo ikaitwa Santiago, yaani Mtakatifu Yakobo.

Wapo wasemao ya kuwa watawa wale walikuja kuwahudumia mabaharia wao tu. Hatukubali. Msalaba ulitangulia, uporaji ukafuata, na watu wa Kilwa waliviona vyote viwili kwa macho yale yale. Katekista akiulizwa na jirani yake Mwislamu juu ya siku ile, asitafute udhuru.

Hispania na Ureno zilikuwa zimezoea kumchora Yakobo juu ya farasi mweupe, upanga mkononi, akiwakanyaga Waislamu. Yakobo wa Maandiko aliuawa kwa upanga, kwa amri ya Herode. Katika Injili ya sikukuu yake mama yake anawaombea wanawe viti vya heshima, naye Bwana anawauliza kama waweza kukinywea kikombe chake. Kikombe Yakobo alikinywea. Kiti alipewa na Wareno, zaidi ya miaka 1,400 baadaye, kule Kilwa.

Mwaka 1512 waliiacha ngome hiyo. Sehemu kubwa ya jengo lionekanalo leo ni kazi ya Waomani, ya karibu mwaka 1800, iliyomeza mabaki ya Wareno. Tangu mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mgeni avukaye kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hulikuta jengo hilo likimkabili pale ufukoni. Akimwuliza nahodha jina lake, hatasikia habari za Mtakatifu Yakobo. Ataambiwa: Gereza.