Mnara wa Grimsby na Silinda Iliyoushinda

Daraja la Tower Bridge jijini London lilitimiza miaka 130 mwezi Juni 2024, na wapitao hapo hawachoki kuipiga picha minara yake miwili, ilhali ni wachache waulizao nguvu iliyoyainua mabawa yake tangu 1894 hata miaka ya sabini ilitoka wapi.

Ilitoka katika akumuleta za haidroliki. Chombo hiki, kwa umbo lake la kale, ni silinda nene ya chuma iliyosimamishwa wima, ndani yake pistoni iliyotwishwa mzigo mzito, ambao kwa zile za daraja hili hukaribia tani 100. Pampu ya mvuke, isiyo na nguvu za ghafla lakini yenye subira, huyasukuma maji ndani na kuuinua mzigo huo taratibu, na bawa la daraja litakapo kuinuliwa, mzigo hushuka ukayatoa maji kwa kishindo ambacho pampu peke yake isingekimudu.

Mbunifu wa akumuleta alikuwa William Armstrong wa Newcastle, wakili aliyependa mitambo kuliko mashitaka, ambaye mwaka 1846 alitengeneza winchi ya bandarini iliyoendeshwa kwa maji ya mabomba ya mji. Penye vilima maji hushuka yenyewe na nguvu zake. Lakini mwambao wa Humber, huko huko Uingereza, ni tambarare, na kwa sababu hiyo bandari ya Grimsby ikajengewa mnara wa matofali wenye urefu wa mita 94, uliosanifiwa na James William Wild kwa kuiga mnara wa Siena, Italia, tangi la maji likiwekwa juu takriban mita 60 ili kuendesha milango ya gati na winchi zake. Ulikamilika mwaka 1852, na miaka miwili baadaye Malkia Victoria akaizuru bandari hiyo.

Wakati huohuo, huko New Holland, si mbali na Grimsby, ardhi ilikuwa ya mchanga isiyoweza kubeba jengo kama lile, na Armstrong, kwa dhiki hiyo, akaweka uzito mahali pa kimo. Tangi la Grimsby lilitoa shinikizo la takriban mara sita ya lile la hewa. Silinda yenye mzigo ilifika mara arobaini, kiwango ambacho kwa mnara kingetaka zaidi ya mita 400. Kwa hiyo mnara ule, pamoja na fahari yake yote, kwa rai yangu ulizeeka ungali mpya. Na mwaka 1892 ukajengwa jirani yake mnara mfupi, wenye akumuleta ndani, ukairithi kazi yake.

London nayo ilitandazwa mabomba ya maji yenye shinikizo, na kituo cha mwisho, cha Wapping, kikafungwa mwaka 1977.

Akumuleta za leo ni ndogo, aghalabu zenye kibofu cha mpira kilichojazwa nitrojini, ambayo hubanwa na mafuta mahali pa ule mzigo wa tani. Lakini zingali vyombo vya shinikizo, kuta zake zikisukumwa kutoka ndani hata mtambo ukiwa umezimwa. Basi fundi mpendwa, toa shinikizo lote kabla hujalegeza nati, wala usithubutu kutia oksijeni badala ya nitrojini, kwani ikikutana na mafuta hulipuka.